Nani Alimgeuza Komeo?

"Shauri la Dharura Mbele ya Kamati Ndogo ya Nidhamu, Michezo na Mengineyo, Kuhusu Kumbaini Mwanafunzi Mmoja Ambaye Pasipo Yeye Ushindi Usingepatikana."

Msishtuke. Hakuna aliyekufa wala aliyeiba. Hicho ni kichwa cha habari tu, na katika Shule ya Sekondari Mkalipembe vichwa vya habari huwa vikubwa kuliko viwiliwili vyake. Shauri lenyewe lilihusu ruhusa moja ya kwenda nyumbani, kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili jioni. Basi. Lakini kamati ya watu wazima, wenye vyeti na miwani, ilikaa juu yake ikainuka bila jibu. Ndiyo maana nimelileta kwenu.

Kwanza wajueni wenyewe. Walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Oresta Mhagama wa kidato cha tatu alijaliwa macho. Sisemi alikuwa akiona mbali. Hata mwewe anaona mbali. Oresta aliona kile ambacho watu hukirudia bila kujijua. Aliweza kukwambia kwamba mwalimu wa Fizikia akijikuna kisogo mara tu anapoingia, toa karatasi, kuna jaribio. Kwamba mpishi akisahau chumvi, jana yake kagombana na mkewe. Kuhusu mpira wa miguu alijua kidogo sana. Wenzake walipokuwa wakitazama mpira, yeye alikuwa akiwatazama watu.

Tulinagwe Mwakibete wa kidato cha nne alijaliwa sauti. Akikohoa bwaloni, mgonjwa wa zahanati alimjibu "pole". Akianzisha wimbo, hata Kiranja Mkuu, kijana aliyeonekana kula kiapo cha kutocheka hadharani, mguu wake mmoja ulimsaliti ukaanza kupiga ardhi. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa shule, na Mkalipembe cheo hicho ni kikubwa kuliko ukiranja, kwa sababu kiranja huteuliwa na walimu na mwimbishaji huteuliwa na masikio ya watu.

Gaudensi Mligo, naye wa kidato cha nne, alijaliwa mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa wa kumsindikiza tu. Akipiga mpira ulikwenda mbali. Suala lilikuwa unakwenda wapi. Uwanja wa Mkalipembe uko juu ya kilima, na chini yake, nje ya uzio, inapita barabara ya lami, ile ile moja inayotoka kwenye milima yetu kwenda duniani. Mipira kadhaa ya shule ilikwisha kuvuka uzio huo kwa mguu wa Gaudensi, na mmoja uliangukia ndani ya lori la viazi ukasafiri bila nauli. Mwalimu Kayombo, mwalimu wa michezo, akatoa amri mbele ya gwaride: Gaudensi asipige mpira mrefu pasipo idhini.

"Wewe kazi yako kupasia mwenzako," alimwambia. "Kufyeka mawingu kuna idara yake."

Sasa ili mwelewe kilichofuata, lazima muwe mmewahi kukaa bweni msimu wa mpira. Msimu huo shule hubadilika kama mtu aliyepata mchumba. Vijana ambao hawajafua soksi tangu likizo wanafua. Kidato cha kwanza, ambao siku za kawaida hawaruhusiwi hata kuegemea ukuta wa kidato cha nne, wanapewa ngoma wabebe na wanatembea nayo kama waliozaliwa ikulu. Mashuka yanapotea vitandani na kuibuka uwanjani yakiwa bendera. Wavulana na wasichana ambao kanuni ya shule inawataka wasimame mbali kwa "umbali wa heshima" wanagundua kwamba kanuni haikutaja goli. Goli likiingia, umbali wa heshima unakwenda likizo fupi.

Na juu ya yote kuna desturi ya ruhusa ya ushindi. Aliianzisha mkuu wa kwanza wa shule, mtu aliyependa sentensi ndefu. Siku Mkalipembe watakapoifunga Lusitumba, shule ya ng'ambo ya bonde, mwanafunzi mmoja ambaye pasipo yeye ushindi usingepatikana atakwenda nyumbani wikiendi hiyo. Mmoja. Si wawili. Ruhusa haigawanywi, haihamishwi, haiwekwi akiba. Wanafunzi wangeweza kukuachia kombe ukalifanya chungu cha maharage, lakini kwa ruhusa ile wangelala mlangoni kwa mkuu. Bweni ni bweni, jamani. Mwezi wa pili wa makande, hata kelele za mama yako unazikumbuka kama muziki.

Wote watatu waliitaka.

Gaudensi kwao kulikuwa kijiji cha pili baada ya bonde. Kila jioni, akisimama nyuma ya bweni, aliuona moshi wa jikoni kwao ukipanda. Aliujua kabisa kuwa ni wa kwao, kwa sababu mama yake huchelewa kuwasha na moshi wake hupanda peke yake. Kuwa mbali na kwenu ni jambo moja. Kupaona kila jioni na usiende ni jambo jingine.

Tulinagwe mama yake alijifungua muhula ulipoanza. Mtoto wa kiume, baada ya wasichana watano. Picha hajatumiwa, sura haijui, na jina lililochaguliwa hakulipenda. Alitaka kwenda kumwona, na kama nafasi ingepatikana, kukata rufaa ya lile jina.

Na Oresta? Oresta dada yake Dafrosa alikuwa anaagwa. Mama yao alifariki Oresta akiwa hajaanza shule, na Dafrosa ndiye aliyemwogesha, aliyemsuka, aliyemtia mbereko akaenda naye shambani. Sasa alikuwa amepata mume wa Kigoma. Jumamosi asubuhi angeagwa nyumbani, na mchana huohuo angepanda gari la wakwe kwenda huko, mbali ambako mtu harudi kwa sababu ya kukumbuka tu. Oresta alikwenda ofisini kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Ndunguru, kuomba ruhusa ya kawaida.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna, Mwalimu. Dada anaagwa Jumamosi. Anaolewa."

Mwalimu Ndunguru alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni zake alizipenda kwa sababu zilimwepusha kuchagua.

"Binti, kanuni inatambua msiba. Baba, mama, ndugu wa tumbo moja. Harusi haimo."

"Lakini akienda Kigoma, Mwalimu, kwangu mimi..."

"Usimalizie hivyo. Ukisema ni kama msiba nitalazimika kudai barua ya mtendaji, na mtendaji hawezi kuandika kwamba bibi harusi ni marehemu." Alivaa miwani. "Imebaki ile ya ushindi. Lusitumba wakishinda leo, Jumatano tunacheza nao fainali. Mpira unaujua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi mpe dada salamu zetu."

Oresta alitoka akaenda kukaa uwanjani. Siku hiyo kulikuwa na nusu fainali, Lusitumba na shule nyingine, na Mkalipembe ndio wenyeji wa mashindano. Alikaa akafanya alichojua kufanya. Akatazama watu.

Golikipa wa Lusitumba aliitwa Komeo. Kijana mrefu, mikono kama makasia, hajafungwa goli tangu msimu uanze. Wapinzani walimtukana kwa ustadi mkubwa. Walimwimbia masikio yake, kaptula yake, na shangazi yake ambaye hawakumjua. Komeo hakutikisika. Matusi yalikuwa chai yake ya asubuhi. Lakini wenzake walipoanza wimbo wa kumsifu, "Komeo eee, mlango umefungwa! Komeo eee, mgeni rudi kwenu!", Oresta akaona kitu. Kama mpira ulikuwa mbali, Komeo aligeuka. Aligeuka mzima mzima, akawapa uwanja mgongo, akainua mikono yote miwili kama mgeni rasmi anayepokea maua, na hakuishusha mpaka ubeti umekwisha. Wimbo ulipoimbwa tena, akageuka tena. Hakuwahi kuuacha upite bila kuitikia. Mama yake alikuwa amemlea vizuri: ukisifiwa, shukuru.

Jioni ile Oresta aliwafuata wawili aliowahitaji, bombani walikokuwa wakikinga maji.

"Kipindi cha pili," alisema, "Komeo atakuwa goli la juu. Nyuma yake tutakuwa tumekaa sisi."

"Na tutamwimbia mpaka alie," alisema Tulinagwe. "Nina wimbo mpya kuhusu kaptula."

"Hapana. Muimbie wa kwao. Wa kumsifu."

Tulinagwe aliweka ndoo chini. "We mtoto, unaumwa? Niwaambie Mkalipembe nzima wamsifu Komeo? Kwenye fainali?"

"Atageuka. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, atageuka."

Gaudensi aliyekuwa akinywa maji kwa viganja aliinua kichwa. "Katikati ya uwanja?"

"Ukiona namba yake ya mgongoni," Oresta alimwambia, "piga."

"Kutoka pale? Kayombo ataninyonga kwa kamba ya nyavu."

"Mpira unafika au haufiki?"

Gaudensi aliufikiria mguu wake wa kulia, kama mtu anayefikiria mbwa wake aliyeshtakiwa na jirani. "Unafika," alisema. "Kila siku unafika. Ndiyo kesi yangu."

Oresta hakuwaambia habari za Dafrosa. Kumbukeni hilo, litarudi.

Jumatano ikafika. Kipindi cha kwanza hakikuwa na jipya ila vumbi. Cha pili, Komeo akaja goli la juu, mbele ya Mkalipembe, wakamlaki kwa shangazi na kaptula, naye akanywa chai yake ya asubuhi. Muda ukasogea. Mechi ilikuwa inakufa sifuri kwa sifuri, na sare ingewapa Lusitumba kombe kwa wingi wa magoli ya mechi za nyuma. Oresta alikaa kwenye nyasi, mikono kati ya magoti. Kazi yake ilikuwa imekwisha kabla ya filimbi.

Tulinagwe alisimama juu ya ngoma. Akaanza, peke yake: "Komeo eee..."

Kilima kizima kikanyamaza. Mmewahi kusikia shule nzima ikinyamaza kwa mtu mmoja? Kiranja Mkuu alisema, "Tuli, shuka." Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Msaliti! Amenunuliwa na Lusitumba kwa andazi!" Wasichana wa bweni lake mwenyewe waliinamisha vichwa, kama ndugu za mlevi. Tulinagwe alijua hawezi kuwaeleza. Kuwaeleza ni kumweleza na Komeo. Akasema tu, "Imbeni. Nikikosea, kuanzia kesho mpeni mwingine ngoma." Akaanza tena, na sauti ile ikatoka yote. Kidato cha kwanza wakaitikia, kwa sababu kidato cha kwanza huitikia chochote. Kidato cha pili wakaona aibu kushindwa na kidato cha kwanza. Ubeti wa pili ulipofika, kilima kizima kilikuwa kinamsifu adui wake, na nasikia kule upande wa pili Lusitumba wenyewe walisimama kwa mshangao wakaanza kupiga makofi.

Komeo aligeuka.

Gaudensi alikuwa amepokea mpira katikati ya uwanja. Kushoto kwake mwenzake alikuwa peke yake kabisa akipunga mkono. Pembeni ya mstari Mwalimu Kayombo alikuwa akiruka, "Pasia! Gaudensi, pasia! Mungu wangu, pasia!" Ilikuwa pasi nzuri, halali, yenye idhini. Akikosa mpira ule mrefu, hachezi tena Mkalipembe. Aliambiwa hivyo kwa kinywa na kwa maandishi. Gaudensi aliinua macho akaona namba moja, nyeupe, mgongoni. Akaupiga. Mpira ulipanda ukakaa hewani muda wa mtu kutubu dhambi ndogondogo, ukashuka, ukadunda ndani ya boksi, ukapita chini ya mikono ya Komeo iliyokuwa bado juu ikiwabariki wenyeji wake.

Umbali wa heshima ulikwenda likizo, safari hii ndefu.

Lusitumba walikata rufaa palepale. Mwamuzi alipekua kijitabu chake mbele na nyuma, akatangaza kwamba hakuna kanuni inayokataza kumsifu mpinzani, ingawa yeye binafsi hajawahi kuona ikifanyika. Komeo mwenyewe hakulalamika. Alimfuata Tulinagwe akampa mkono. "Mnaimba vizuri kuliko wenzangu," alisema, na alimaanisha.

Alhamisi, kamati ikakaa. Walikuwa watatu pia: Mwalimu Ndunguru mwenyewe kwenye kiti, Mwalimu Kayombo wa michezo, na Matroni, Mama Luoga, ambaye aliitwa kwa sababu kanuni ilihitaji mwanamke na kwa sababu chai ilikuwa kwake.

"Jambo ni rahisi," alianza Mwalimu Ndunguru, na hapo kila mtu akajua halitakuwa rahisi. "Ripoti ya mwamuzi imetaja mfungaji. Mligo, Gaudensi. Pasipo yeye, goli hakuna."

"Mkuu, yule alikaidi amri!" Kayombo aliruka. "Nilisema pasia. Mkoa mzima ulinisikia. Tukimpa ruhusa, tunatangaza kwamba ukaidi unalipa. Na tusidanganyane, mpira ule haukupigwa golini. Ulikuwa unaelekea barabarani kama kawaida yake, goli likakaa njiani."

"Lakini kombe unalo kabatini kwako, Mwalimu," alisema Mkuu.

"Ninalo. Ila aliyemgeuza Komeo ni wimbo. Mkigeuka mnageuka kwa sababu mmesikia. Mpeni Tulinagwe. Yule msichana aliimba peke yake mbele ya shule nzima inayomzomea. Mwanajeshi angekimbia."

"Na huo wimbo aliota?" Mama Luoga alimimina chai. "Nimemuuliza bwenini, kaambiwa na Oresta. Siku zote alikuwa na nyimbo zake za kaptula. Asingekuwepo Oresta, tungeimba kaptula mpaka jua lizame, na huyo Gaudensi angepasia kama ulivyotaka, Mwalimu, na sasa kombe lingekuwa Lusitumba."

"Kujua si kufunga, Mama. Hata mimi nikiona wingu najua mvua itanyesha. Nimenyesha?"

"Wewe uliliona goli likiingia ukawa bado unasema pasia. Hata wingu hukuliona."

Mwalimu Ndunguru aligonga meza kwa kifuniko cha kalamu. Mama Luoga akapendekeza watoe ruhusa tatu, yaishe. Mkuu akakataa. "Tukitoa tatu leo, mwakani timu nzima inaondoka na nyavu. Hiyo ni desturi mpya, na desturi mpya zinapitishwa na bodi." Kayombo akapendekeza kura. Mkuu akakataa. "Kura ni kamari. Shule hii haichezi kamari."

Wakaitwa wenyewe, mmoja mmoja.

Gaudensi alisema, "Mimi nilipewa maneno na mmoja na wimbo na mwingine. Lakini maneno na wimbo havikuvuka mstari wa goli, Mwalimu."

Tulinagwe alisema, "Wao wangekosea, wangekosea faraghani. Mimi ningekosea, mngenizika hai."

Oresta alisimama kwenye kona ya zulia. Mwalimu Kayombo alimuuliza swali ambalo alilitunga kwa ujanja. "Binti, ulifanya haya kwa ajili ya shule yako au kwa ajili ya ruhusa?"

"Ya ruhusa, Mwalimu."

"Hata kidogo kwa ajili ya shule?"

Oresta alifikiri, kwa kuwa hakujua kujibu bila kufikiri. "Kama zawadi ingekuwa mbuzi, Mwalimu, nisingekuja hata uwanjani."

"Mmesikia," alisema Kayombo.

"Tumesikia," alisema Mama Luoga. "Wa kwanza kusema kweli tangu asubuhi."

Habari za Dafrosa zilitoka hapo, Mama Luoga alipouliza, na zilifika kibarazani kabla Oresta hajafika. Wenzake walikuwa wamekaa kwenye ngazi.

"We Oresta," alisema Tulinagwe, "siku ile bombani kwa nini hukusema?"

"Mngeimba kwa huruma. Huruma haina sauti."

"Mimi siimbi kwa huruma, naimba kwa koo." Alikuna mguu kwa kidole gumba cha mguu mwingine. "Lakini na mimi mdogo wangu simjui sura. Wamempa jina la Sabuni, unajua? Sabuni! Eti babu ndiye aliyetaka."

Gaudensi alikuwa akitazama bondeni. "Dada yako ataolewa uwepo usiwepo," alisema taratibu, si kwa ubaya.

"Na moshi wa kwenu utafuka uende usiende."

Hakuna aliyekuwa amesema uongo na hakuna aliyekuwa na raha. Hakuna pia aliyesema, "Basi, chukua wewe." Siwalaumu. Nyinyi mnaosikiliza hapa mmeshiba na mnalala kwenu.

Ijumaa asubuhi kamati ilikaa tena. Sasa Mama Luoga alidai haja ya Oresta ihesabiwe, kwa kuwa Kigoma haingoji. Mwalimu Ndunguru akasoma ile sentensi ndefu ya mkuu wa kwanza, akaisoma tena polepole, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. "Haisemi anayehitaji," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya ofisini. "Inasema ambaye pasipo yeye. Na kila nikimwondoa mmoja, ushindi unaanguka. Nikimwondoa mwingine, unaanguka." Saa nne Mwalimu Kayombo aliitwa kulipeleka kombe wilayani likaonwe. Akidi ikavunjika. Shauri likaahirishwa hadi Jumatatu.

Hadi Jumatatu, jamani. Ruhusa ya Ijumaa.

Basi sasa ni zamu yenu. Wewe wa mbele uliyetikisa kichwa Gaudensi alipokaidi amri, na wewe wa nyuma unayemnong'oneza mwenzio kuwa ungempa Oresta. Msikimbilie. Macho yaliona, na pasipo kuona hakuna wimbo. Sauti iliimba, na pasipo wimbo hakuna mgongo. Mguu ulipiga, na pasipo mguu tungekuwa na sare na nyimbo nzuri. Aliyejua alifanya kwa ajili yake mwenyewe. Aliyeimba alihatarisha jina lake. Aliyepiga alihatarisha jezi yake. Haja kubwa kuliko zote ilikuwa ya yule ambaye siku ya mechi hakunyanyua hata kidole. Mngeipima haja au kazi? Mngeuliza moyo ulitaka nini, au mngeuliza goli liliingiaje? Na kuna mzee mmoja niliyemsimulia akaniambia ruhusa ile ilikuwa ya Komeo, kwa kuwa pasipo adabu yake hakuna kilichowezekana. Jibu lake nalitunza pamoja na mengine.

Ruhusa ni moja. Kikaratasi hakikatwi vipande. Je, wewe ungemwandikia nani?

Mkikata shauri msihangaike kuwapelekea habari Mkalipembe. Jumatatu kamati ilikutana, ikaona wikiendi imekwisha pita, ikairudisha ruhusa kabatini. Iko huko mpaka leo, haina jina.

Kilichotokea kweli kilitokea Jumamosi, mchana wa usafi wa mazingira, shule nzima ikiwa inafyeka majani juu ya barabara. Oresta aliliona gari la wakwe likiwa bado kona ya mbali, kwa kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye kioo. Alisimama tu akaliangusha fyekeo. Tulinagwe alimtazama, akatazama alikotazama, akapanda juu ya toroli la majani, akaanza wimbo wa Komeo akiweka jina la Dafrosa, na kilima kikaitikia. Gari halikusimama. Gaudensi akauchukua mpira miguuni pa kidato cha kwanza, akaupiga kwa mguu wa kulia, bila idhini. Ukavuka uzio, ukadunda kwenye lami mbele ya gari.

Dereva akafunga breki. Dafrosa akashuka.